Maparachichi yanachumwa machanga: ni utamaduni wetu au ni bei?

Mama Kreti, Rungwe
Wakuu habari, na shikamooni mlionizidi. Nakusanya maparachichi ya Hass huku Kiwira hadi Tukuyu. Msimu uliopita mzigo wangu ulikataliwa karibu nusu: badala ya kuiva, matunda yalisinyaa yakawa kama mpira. Nikarudi kwa mzee aliyeniuzia. Akanijibu, "Mwanangu, ningesubiri yakomae wezi wangenitangulia. Na ada ya mjukuu ungelipa wewe?"

Sasa mtoto wa dada yangu, msomi, ananiambia nchi hushinda au hushindwa sokoni kwa utamaduni wake. Eti sisi hatuna haraka, majirani zetu wanayo. Mbona basi wanaofuata matunda machanga bustanini, pesa mkononi, ni haohao wenye haraka? China imetufungulia soko la parachichi tangu Novemba 2022. Tutapeleka mpira?

Mkinga wa Makambako
Dada, mimi hiyo hoja ya utamaduni nimeisikia tangu nazaliwa. Mkinga akifungua duka wanasema biashara iko damuni (wengine wanataja na ndumba, tuyaache). Babu yangu alitoka Makete kwa miguu kwenda kukata mkonge Tanga. Kama biashara ilikuwa damuni, mkonge alifuata nini? Kwetu ni baridi na miteremko, shamba halimtoshi mtu, ndiyo maana tukazoea kutoka. Ninyi Wanyakyusa mlikuwa na ndizi mlangoni na ng'ombe nyuma ya nyumba, mhangaike mwende wapi? Njaa ikibadilika, tabia nayo inabadilika. Watoto wangu waliozaliwa mjini hawajui hata kupanga bei.

Viazi Isyonje
Tazama lumbesa. Sheria inakataza gunia lizidi kilo 100, lakini simama Uyole uone magunia ya viazi yalivyovishwa kilemba. Mkulima anapenda? Akikataa, fuso linasogea kwa jirani, na viazi vilivyokwisha kung'olewa havisubiri. Huo utamaduni ni wa mwenye gari.

Kyela Damu
Tusijitakase sana. Mchele wa Kyela unachanganywa na wa kwingine na kuuzwa kwa jina letu, na wanaochanganya wengine ni sisi wenyewe. Hapo fuso halijamlazimisha mtu.

Mama Kreti, Rungwe
Kyela Damu umenichoma, maana na mimi nilikuwa nanunua kwa ndoo bila kuangalia ndani. Mwaka huu nimenunua mizani ya kuning'iniza. Kabla ya kuchuma nakata tunda moja kila mti, naangalia ganda la kokwa: likiwa jeupe tunauacha mti, likiwa la kahawia tunachuma na vikonyo vyake na kulipana kwa kilo, palepale. Wiki mbili za kwanza nilirudi na kreti tupu, watu wakinicheka kwamba najifanya mzungu. Kisha wakapiga hesabu: tunda lililokomaa lina uzito. Yule mzee sasa ndiye anayeniita nije na kisu.

Wezi ndio sijawapatia dawa. Mzee amejenga kibanda bustanini, analala humo na mbwa wawili, na mkewe ananilaumu mimi.

Mkinga wa Makambako
Hiyo mizani umeinunua bei gani?