Fundi wa bwawa kila akija ni kumwaga chumvi tu, kumbe sensa ndo mbovu!!

Wakuu leo lazima niseme maana nimejaa mpaka hapa.

Mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi ilikuwa inawasha taa ya chumvi kidogo, skrini inasoma 2,400 ppm (yaani sehemu 2,400 za chumvi kwa kila milioni ya maji). Fundi akija hapimi chochote, anachungulia skrini, anamwaga mifuko, anasepa. Taa ikirudi anamwaga tena. Sasa skrini imefika 3,200 na yeye kifua mbele, "si unaona imekaa sawa?" Nikachukua vikaratasi vya kupimia nikapima maji yenyewe: 4,300!!

Na kinachoniuma zaidi ushahidi ulikuwa kwenye skrini ileile. Bonyeza kitufe uende kwenye joto, inasoma digrii 41, tumbukiza kipimajoto bwawani, 28. Jamani ile mashine haionji chumvi, inapima umeme unavyopita kwenye maji, na maji yakiwa ya moto umeme unapita kirahisi zaidi, kama asilimia 2 kwa kila digrii, kwahiyo inapunguza hesabu kufuata joto. Sensa ya joto ikidanganya kwa digrii 13 basi karibu robo ya chumvi inafutwa kwenye hesabu wakati imo bwawani!

Nikazima umeme, nikachomoa plagi, nikaweka multimita kwenye pini za sensa ya joto kupima ukinzani wake, ambao hushuka joto likipanda: kilo-omu 5. Sensa nyingi za hivi ni kilo-omu 10 kwenye digrii 25, kwa 28 ingetakiwa kama 9. Kuangalia pale waya unapoingia kwenye plastiki pamepasuka, unyevu umeingia, shaba imeota kutu ya kijani. Kitu cha kuona kwa macho tu, fundi mzima hajainama hata kutazama.

Haya, walioniuzia wanasema sensa haiuzwi peke yake, nunua seli nzima, yaani kile kipande chenye sahani kinachotengeneza klorini. Seli ambayo sahani zake ni safi, hazina hata chokaa! Huo ni wizi.

Na chumvi haiondoki na mvuke, mpaka umwage maji, hapa ni robo ya bwawa niimwage nijaze upya kwa sababu mtu kaona uvivu kupima.

Mliowahi kukata ule waya mkaunga sensa nyingine bila kugusa seli, mlizibaje pale kwenye kiungo ili maji yasiingie tena?