Kutoka kuandikia akaunti za watu hadi kupata wateja wako: nianzie wapi?

Mkulima wa Maneno, Eldoret
Ndugu zangu, kwa miaka 3 nimeandika makala kupitia akaunti ya mtu mwingine kwenye tovuti ya kazi za uandishi, ambaye hunilipa shilingi 300 kwa kila ukurasa wa maneno 275 na kubaki na fungu ambalo sijawahi kuonyeshwa. Nina stashahada ya kilimo na ningependa kutafuta wateja wangu mwenyewe, lakini kazi zangu zote hazina jina langu, wala sina ruhusa ya kuzionyesha. Nitamwendea mteja nikiwa na nini mkononi?

Kalamu Kavu
Hizo za zamani ziache, kwani si zako tena. Andika makala 3 mpya kwa jina lako, zote za kilimo, kwa sababu muuza pembejeo hamtafuti mwandishi wa kila kitu. Anamtaka mtu anayejua kwamba mbolea ya DAP huwekwa wakati wa kupanda na ile ya CAN mahindi yakishaota na kupata nguvu. Kisha chagua kampuni kama 10 za mbegu, pembejeo au maziwa, usome tovuti zao, na uiandikie kila moja barua fupi inayotaja swali ambalo wakulima huuliza na ambalo tovuti hiyo haijalijibu. Mimi niliandika barua 11 nikajibiwa 2, nazo zilinitosha kuanzia.

Bi. Mhariri
Nakubaliana naye, ila wateja wa mwenye akaunti usiwaguse. Hata mwenye akaunti yake halali ya Upwork, tovuti inayowakutanisha wateja na wafanyakazi huru, haruhusiwi kulipwa pembeni na mteja aliyekutana naye pale kwa miaka 2, isipokuwa ada ya kumhamisha iwe imelipwa. Na tuseme ukweli: kuandikia akaunti ya kuazima ni kukiuka masharti tangu mwanzo, ndiyo maana huna pa kulalamikia unapopunjwa.

Kasuku wa Nyali
Mimi niliwahi kuiandikia kampuni moja makala 8 kwa makubaliano ya mdomo, na hadi leo sijalipwa. Siku hizi hudai nusu kabla ya kuanza, na katika ankara huandika tarehe ya mwisho ya kulipa. Kampuni ya Kenya ikikukata kodi ya zuio ya asilimia 5, usigombane nayo. Dai cheti cha makato, kwa kuwa kiasi hicho huhesabiwa kuwa kodi uliyokwisha kulipa unapowasilisha ritani yako KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.

Mkulima wa Maneno
Asanteni sana. Je, nitoze kiasi gani?

Kalamu Kavu
Sahau hesabu ya ukurasa. Jumlisha saa za kutafiti, kuandika na kurekebisha, kisha utaje bei moja ya makala nzima, na masahihisho yasizidi mara 2.

Mkulima wa Maneno
Basi makala ya kwanza itahusu viwavijeshi kwenye mahindi, kwa maana msimu uliopita nilipambana navyo katika shamba la mama.