Mjadala: Je, zabuni za umma zilazimishe pachi paneli kwenye kila raki?

MLETA MADA: Shule, zahanati na halmashauri nyingi hukabidhiwa raki (kabati la vifaa vya mtandao) ambayo kebo za ukutani zimekrimpiwa (zimebanwa) plagi za RJ45 na kuchomekwa moja kwa moja kwenye swichi, bila pachi paneli, yaani ubao wa soketi ambako kebo hizo huishia. Wapo wanaotaka zabuni ziikatae kazi hiyo, wapo wanaosema ni kuongeza gharama bure. Karibuni.

NYAYA SAFI: Zilazimishe. Kebo ya ukutani ina nyaya nene za kipande kimoja, si za nyuzi nyembamba nyingi, haikutengenezwa kwa kuchomoa na kuchomeka. Siku swichi ikibadilishwa, waya hukatikia shingoni mwa plagi, na kama hukuacha akiba unafumua trankingi (mfereji wa kupitishia kebo). Halafu plagi nyingi za dukani meno yake ni ya kebo ya nyuzi nyembamba. Kwenye waya mnene hayashiki vizuri. Inapita siku ya makabidhiano, baadaye jozi moja ya nyaya inaachia na porti inashuka kutoka Mbps 1000 hadi 100. Mtumiaji atasema tu “mtandao mzito”.

BABA SWICHI: Mkuu, raki ya 6U (U ni kipimo cha kimo cha raki) yenye kebo kumi nayo? Hata TIA-568.2-D ya 2018 (kiwango cha Marekani cha kebo za mtandao) imeruhusu plagi kwenye kebo ya kudumu.

NYAYA SAFI: Imeruhusu upande wa kifaa tu, mathalani kamera ya darini. Upande wa raki ni paneli. Na nafasi ipo: paneli ya porti 24 inakula 1U, swichi 1U, shelfu ya ruta 1U, soketi za umeme 1U. Zinabaki mbili. Weka paneli juu ya swichi, tumia pachi kodi (kebo fupi za kuunganisha paneli na swichi) za nusu mita, hata menija ya kebo (kishikio cha kupangia kebo) huihitaji.

MAMA FAIBA: Mnagombania paneli huku kebo yenyewe ni CCA, alumini iliyopakwa shaba! Kwangua waya kwa wembe: ukiona weupe, rudisha boksi. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo kamera ya PoE (inayopata umeme kupitia kebo ya mtandao) iliyo mita 80 inafanya kazi mchana, usiku taa zake za infraredi zikiwaka volti inaanguka, kamera inajizima na kujiwasha. Kwenye BOQ (orodha ya kazi na vifaa vya zabuni) liandikwe neno “shaba tupu”, paneli ifuate.

BABA SWICHI: Hilo naliunga mkono. Paneli iliyopigwa (kuunganishwa nyaya) vibaya nayo ni hasara. Fundi anafumua msokoto wa jozi za nyaya sentimita tano wakati mwisho ni milimita 13, kisha anazikaza kebo kwa tai za plastiki mpaka zinabonyea. Mikanda ya velkro si ghali kiasi hicho.

MAMA FAIBA: Ndiyo maana nataka ripoti ya vipimo kwa kila porti. Kile kipimo cha taa nane kinaonyesha mpangilio wa nyaya tu, msokoto uliofumuliwa hakiuoni.

BABA SWICHI: Dada, kipimo cha kuthibitisha (kifaa kinachotoa ripoti hiyo) ni mamilioni ya shilingi. Mkandarasi mdogo wa wilayani umeshamtoa kwenye zabuni.

MAMA FAIBA: Akodi kwa siku, aweke kwenye bei yake. BOQ nyingi zinaandika “kazi iwe nadhifu”, sasa mkaguzi atapima unadhifu kwa rula gani?

NYAYA SAFI: Basi iandikwe hivi: paneli, shaba tupu, lebo pande zote mbili mfano R1-P07 (raki 1, porti 7), akiba ya mita mbili kwa kila kebo, ripoti ya porti zote. Chini ya kebo 12, kipimo kiletwe na halmashauri.

BABA SWICHI: Halmashauri ipi inacho?