Tandu wa majini wamejaa kwenye tangi langu, niwatoe?

Salum_Lita200:
Wanajamvi, salaam. Nina tangi la maji chumvi la lita 200 hapa Maskati, linaingia mwaka wa pili. Juzi saa saba usiku nimewasha tochi nikakuta minyoo ya vinyoya, mfano wa tandu, rangi ya waridi, inachomoza kila tundu la jiwe. Asubuhi konokono mmoja kafa, gamba limejaa minyoo hiyo hiyo. Nikatia mkono nimtoe, vidole vikajaa vinyoya vyeupe vinawasha kama upupu. Nafikiria kuyatoa mawe yote niyaloweke maji ya bomba.

Kamba_Mwekundu:
Ua wote. Nunua kamba yule wa mistari myekundu, atawala.

Mzee_wa_Pampu:
Salum, subiri. Hilo la kuloweka nililifanya 2019, tangi langu likiwa sebuleni hapa Mombasa. Minyoo ilikufa kweli, lakini ilifia ndani ya mawe, na bakteria wanaosafisha maji wakafa nayo. Siku ya tatu sebule inanuka kama soko la samaki saa nane mchana, amonia, ile sumu ya uozo, juu, nikazika samaki wawili.

Huyo konokono sidhani kama aliuawa. Alijifia, wao wakaja matangani. Kazi yao ni hiyo: mzoga, mavi ya samaki, chakula kilichodondokea nyuma ya jiwe ambako mpira wako wa kunyonyea uchafu haufiki. Aina inayokula matumbawe ipo, Hermodice, ila kwao ni Atlantiki na Karibi. Wa kumwogopa ni yule mrefu asiye na vishada vyeupe ubavuni, mwenye pembe tano kichwani na taya kama koleo. Huyo ukimwona, toa jiwe zima.

Vidole: bandika selotepu, ibandue, kisha paka siki. Vinyoya hivyo ni vya chokaa. Usivute mnyoo kwa nguvu pia, maana baadhi yao wakikatika, kipande kinaweza kuota mnyoo mpya. Utajikuta umepanda shamba.

Sasa niambie ukweli, unalisha mara ngapi?

Salum_Lita200:
Mara tatu, mzee. Mchemraba mzima wa uduvi wa barafu kila mara. Samaki wanne.

Mzee_wa_Pampu:
Haya basi. Umefungua mgahawa halafu unashangaa wateja. Nusu mchemraba, mara moja kwa siku. Wanaozidi watapungua wenyewe kwa njaa. Ukiwa na haraka, watege: chupa ndogo yenye kitundu na kipande cha dagaa ndani, ilaze mchangani usiku, itoe kabla ya jua.

Salum_Lita200:
Wiki ya tatu leo. Nikipiga tochi naona wanane, tisa hivi, na mchanga wa kona moja umekuwa mweupe. Mmoja mkubwa bado yuko chini ya jiwe la kushoto. Mke wangu amekwisha mpa jina.