DAKIKA 19! Nimelipia uanachama, dakika 19 baadaye wananiambia yule mrefu haji

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Wakuu, sijalala. Nimetoka zamu ya usiku alfajiri, badala ya kupanda kitandani nimekaa jikoni naikodolea simu macho kama mtu aliyeachwa. Na kweli nimeachwa.

Jina simtaji. Klabu siitaji. Yeyote anayefuatilia kriketi ya kaunti, ligi ya klabu za mikoa ya huku Uingereza, ameshajua namsema nani. Yule mrefu. Mrusha mpira wa kasi kutoka ng'ambo ambaye tangu mwaka jana sura yake imebandikwa kila kona ya uwanja wetu, mpaka juu ya kikaushia mikono kwenye choo cha wanaume. Mtu unakausha mikono huku anakukazia macho. Huyo huyo.

Sasa sikilizeni. Jana saa nane na dakika 12 mchana ndiyo naamka, barua pepe ya klabu inaingia. Picha yake nzima nzima, mkono hewani, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za kuanikia nguo. Chini wameandika "Yuko njiani. Wewe je?" Mimi na ujinga wangu nikajibu kwa sauti, peke yangu chumbani: na mimi niko njiani kaka! Kadi ya benki hii hapa. Nikalipia uanachama wa mwaka mzima. Sikuishia hapo, nikaagiza na jezi yenye jina lake mgongoni, na jina lenyewe lina herufi nyingi kuliko za ukoo wangu wote, na wanatoza kwa herufi.

Saa nane na dakika 31, simu inalia tena. "Klabu inasikitika kuwatangazia..."

DAKIKA 19, WAKUU.

Chai niliyoimimina nikisoma barua ya kwanza ilikuwa bado inatoa moshi. Benki yenyewe ilikuwa haijamaliza kusema malipo yako yanashughulikiwa. Nimewahi kuachwa na mwanamke kituo cha basi Ubungo, lakini yule alisubiri walau basi lifike.

Sababu sasa. Bodi ya kriketi ya kwao imemnyima kile kibali cha kusema hatuna pingamizi, ambacho asipokuwa nacho mchezaji wa nje hagusi mpira popote. Kwa nini wamemnyima? Ili "apunguziwe mzigo wa kazi".

Mzigo! Mtu anakimbia hatua ishirini, anarusha kitu cha gramu 160, anarudia mara sita, halafu anakwenda kusimama karibu na kamba anamenya ndizi. Huo ndio mzigo? Mimi jana usiku nimeshusha maboksi ya maji ya kunywa, malori matatu, na msimamizi wangu hajawahi kuamka asubuhi akatoa tamko la masikitiko. Mzigo niulizeni mimi.

Na msimu unaanza Ijumaa ijayo! Aprili! Kila mtu anajua Aprili ya huku ni mwezi wa warushaji. Uwanja kijani kama mchicha, unyevu kila mahali, mpira wa Dukes, ule unaotumika huku, mshono umesimama. Aprili hata shangazi yangu wa Tandika ukimkabidhi ule mpira utapinda. Sisi tumebaki na watoto wawili wa akademi na baba mmoja ambaye goti lake linasikika mpaka jukwaani.

Kisha wanamalizia tangazo kwa kusema "tunamtakia kila la heri". Nani kawatuma? Mimi simtakii. Namdai jezi.

Nikapiga simu klabuni. Dada akanijibu kwa upole kwamba jezi iliyochapwa jina hairudishwi. Nikamwuliza, dada yangu, ndani ya dakika 19 mmeshaichapa? Akasema naona hapa imeshaingia kwenye mashine. Wakuu, hawa watu mwaka juzi kadi yangu ya uanachama ilinifikia Juni! JUNI! Wanaweza kuchapa jina la msaliti kwa dakika 19!

Sina swali. Nimekuja kulia tu.

Tulia Dawa Ikuingie

Nimecheka mpaka nimemwaga uji. Kwa hiyo picha ikakuuliza "wewe je" na wewe ukaijibu? Kwa sauti?

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Mkuu mishipa ya shingo ilikuwa inaonekana kabisa. Ungejibu hata wewe.

Babu wa Jukwaa la Mashariki

Pole mwanangu. Ninyi mmezaliwa wakati mbaya. Mimi nilifika Southampton kijana, nikawaona kaunti ya Hampshire na mrushaji wao wa kasi Malcolm Marshall wa Barbados. Msimu wa 1982 peke yake alichukua wiketi 134, yaani wapigaji aliowatoa. Mia moja thelathini na nne! Hakuwa hata mrefu kihivyo, lakini mpira ulikuwa unakuja kama umetumwa. Aliendelea na kaunti ile ile mpaka 1993. Courtney Walsh naye kule Gloucestershire alikaa miaka na miaka, akaaga 1998. Ulikuwa ukinunua kalenda yenye picha ya mchezaji, mwaka unaisha mchezaji bado yupo.

Tulia Dawa Ikuingie

Babu, siku hizi hata dakika 19 hawamalizi.

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Asante kwa kunikumbusha. Nilikuwa nimesahau kwa sekunde nne.

Daktari wa Migongo (si daktari)

Mtanichukia lakini nasema. Kurusha kwa kasi kunavunja mgongo kweli, mifupa ya kiuno inapata nyufa, wengi wanakaa nje mwaka mzima. Na mwajiri wake ni bodi ya kwao, ndiyo inayomlipa mshahara. Kaunti ni kibarua tu. Wewe mwajiri wako angekukataza kibarua usingeacha?

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Ningeacha. Ila nisingepigwa picha nimenyoosha mkono hewani.

Mpenda Chai Ubaoni

Jamani kaunti inaruhusiwa kuchezesha wageni wawili kwenye mechi za siku nne. Si mtafute mwingine?

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Mgeni wetu wa pili ni mpigaji. Akirusha, anarusha polepole, mpira unafika umeshapigwa na usingizi. Na mwingine tumpate wapi wiki moja kabla? Waliobaki sokoni sasa hivi ni nyanya za saa mbili usiku. Unapewa fungu zima ukishika tu zinabonyea.

Mwana wa Kaunti Jirani

Acha kudeka. Wa kwenu hakuja. Wa kwetu ALIKUJA. Tumempokea, tumemnunulia koti maana alifika na fulana, akacheza mechi mbili, wiketi tatu. Siku ya tisa simu ikalia kutoka ligi ya India, kuna mtu kaumia wanataka wa kuziba. Akaondoka usiku. Koti kaondoka nalo! Kule hawakumchezesha hata siku moja. Nilikuwa namwona kwenye runinga kakaa benchi na kofia ya kigeni, anapiga makofi. Joto nyuzi arobaini. Koti letu sijui kalipeleka wapi.

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Angalau ninyi mlimwona. Mimi namwona chooni tu.

Golikipa wa Mtaa

Samahani naingilia. Kriketi ndio ule mchezo wanacheza siku nne wanakunywa chai halafu wanatoka sare?

Mpenda Chai Ubaoni

Ndio huo. Chai imeandikwa kwenye sheria kabisa, na chakula cha mchana pia. Mchezo gani mwingine unakujali hivyo?

Golikipa wa Mtaa

Basi anayelia kwa ajili ya huo mchezo apimwe. Sisi straika wetu alituaga akiwa tayari uwanja wa ndege, kavaa miwani nyeusi, na mnajua alikwenda wapi. Kwa WATANI. Huo ndio msiba. Hajapita hata mtaa mwingine, kavuka barabara tu.

Gymkhana 2003

Wabongo na machozi yenu. Wacha niwaambie nyinyi msiba ni nini. Kombe la Dunia 2003, Nairobi Gymkhana, Collins Obuya anawachukua Sri Lanka wiketi 5 kwa kuruhusu mikimbio (pointi) 24 tu. Sri Lanka! Kenya tunaingia nusu fainali, watoto mtaani wanachonga magongo ya mbao. Kaunti ya Warwickshire wanamchukua mwaka huo huo, goti linamgomea. Kufikia 2014 hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja za kimataifa tulikuwa hatuna. Nyinyi mmepoteza mtu mmoja. Sisi tulipoteza mchezo mzima.

Golikipa wa Mtaa

Mkenya hawezi kupita msibani bila kusema wa kwao ulikuwa na watu wengi zaidi.

Gymkhana 2003

Kwani nimedanganya wapi?

Babu wa Jukwaa la Mashariki

Hajadanganya. Obuya alikuwa na mkono. Ila alikuwa mzungushaji, wa kurusha polepole mpira unazunguka, si wa kasi. Tusichanganye.

Daktari wa Migongo (si daktari)

Na magoti nayo ni mada ningependa tuifungue.

Tulia Dawa Ikuingie

Usifungue.

Binti Tandika

Mimi nimesoma uzi wote kwa sababu ya yule shangazi. Anakaa Tandika ipi? Maghorofani au Azimio?

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Dada, watu tuko kwenye majonzi.

Binti Tandika

Jibu tu.

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Azimio. Karibu na soko.

Binti Tandika

Anauza maandazi? Mama Mdogo mwenye sauti?

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Umemjuaje???

Binti Tandika

Ananidai elfu nne tangu niko kidato cha pili. Usimwambie umeniona.

Kijana Anatafuta Njia

Kaka mwenye uzi, hayo maboksi ya maji wanalipa kwa saa au kwa lori? Wanachukua mtu bila uzoefu?

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Kwa saa. Uzoefu ni mgongo. Lakini kibali cha kazi uwe nacho, hawataki utani.

Tulia Dawa Ikuingie

Nenda kijana, kuna nafasi imeachwa wazi na mtu mrefu. Ila walisema mzigo ni mkubwa.

Mwana wa Kaunti Jirani

Mimi narudi kwenye koti. Lilikuwa la manyoya ndani.

Mpenda Chai Ubaoni

Swali la pembeni: mkitoka zamu usiku hivyo mnakula nini? Mimi nimechoka mkate. Kuna jamaa Leicester ameleta sembe, si ile ya kopo, sembe ya ukweli yenye harufu.

Gymkhana 2003

Sembe au ni unga wa mahindi wa kawaida umepewa jina? Nilidanganywa Coventry.

Golikipa wa Mtaa

Kweli nimeamini kriketi haina mashabiki, uzi umefika kwenye ugali.

Babu wa Jukwaa la Mashariki

Sembe ya Leicester naijua, ni nzuri. Inashika mkono.

Kijana Anatafuta Njia

Anasafirisha mpaka mikoani?

Mpenda Chai Ubaoni

Anasafirisha. Ukiagiza leo, kesho kutwa unayo mlangoni.

Mbeba Boksi Mstaafu Mtarajiwa

Mkuu nitumie namba yake faragha. Na umwulize kama ana dagaa wa Mwanza.