Mrejesho: nimechukua skrini pana

Ndugu zangu, niliuliza hapa kama kwa kuchezea gemu kwenye kompyuta ninunue skrini pana ya uwiano wa 21:9 (upana kwa kimo) au ya kawaida ya 16:9, na ninawashukuru kwa dhati mlionijibu. Nimechukua ile pana ya inchi 29, yenye pikseli 2560 kwa 1080, katika duka moja hapa Mwanza mjini. Kimo chake kinakaribiana na cha skrini ya kawaida ya inchi 23, kwa hiyo kilichoongezeka ni upana tu, lakini upana huo una thamani kubwa: katika Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori, ninaona barabara pamoja na vioo vya pembeni bila kugeuza macho ya dereva kila mara. Kadi ya picha, yaani kifaa cha kompyuta kinachochora picha za gemu, sasa inabeba pikseli nyingi zaidi kwa theluthi moja kuliko kwenye skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080, hivyo nimepunguza ubora wa vivuli ili picha zisikwamekwame. Baadhi ya gemu za ushindani huacha mistari myeusi pembeni. Anayecheza hizo pekee, kwa maoni yangu, achukue ya kawaida. Kaka aliyenishauri nipime meza kwanza alinisaidia mno, kwani chumba changu cha Nyegezi ni kidogo na skrini imeenea kwa tabu.