Printa ya bei chee ni mtego wa wino, na wauzaji wanakaa kimya!

Wakuu, nimechoka. Mtu anauliza printa ya bei nafuu ya steshenari, anatajiwa bei ya mashine tu. Hakuna anayemuuliza atachapa rimu ngapi kwa mwezi!

Kampuni inaiuza ile mashine ndogo kwa faida kiduchu au hata kwa hasara, kisha pesa yake inairudisha kwenye katriji, yaani kopo la wino. Si uzushi. Januari 2024 Enrique Lores, aliyekuwa bosi wa kampuni ya printa ya HP, aliiambia runinga ya biashara ya CNBC kwamba kila printa inayonunuliwa ni uwekezaji wa kampuni, na mteja asiyechapa vya kutosha au asiyetumia wino wao ni uwekezaji mbaya. Kwa hiyo mashine imeundwa kulinda uwekezaji huo, siyo mfuko wako.

Piga hesabu. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 305 imepimwa kurasa 120 hivi. Rimu moja ni karatasi 500, yaani katriji nne na bado hujamaliza. Na kipimo hicho ni cha kurasa za majaribio zenye wino kidogo, kama asilimia 5 hivi. Mtihani wa shule wenye michoro na majedwali hauwezi kufika huko. Katriji ya rangi ndiyo balaa zaidi: rangi tatu ndani ya kopo moja, njano ikiisha unatupa na zilizobaki.

Watu wakakimbilia katriji za kampuni nyingine, kampuni ikajibu kwa chipu. Tarehe 13 Septemba 2016 printa nyingi za HP OfficeJet zilizikataa katriji hizo kwa mkupuo, kwa sababu tarehe ilikuwa imepandwa ndani ya programu ya mashine. HP iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri, ila mfumo wenyewe wa kukataa katriji zisizo na chipu ya HP, uitwao Dynamic Security, haikuuacha. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia ikaipiga faini ya euro milioni 10.

Wenye mashine za HP, fanyeni hivi kabla ya kuweka katriji mpya. Chapa ripoti ya mtandao, chukua anwani ya IP, iandike kwenye brauza ya kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, mipangilio ya printa itafunguka. Zima apdeti za kujiendesha. Kisha tafuta Cartridge Protection, uzime pia. Hiki kipengele ndicho kinachowatesa mafundi bila kujua: kikiwa kimewashwa, katriji inafungwa kwenye mashine ya kwanza moja kwa moja, ukiihamishia nyingine inakataliwa hata kama ni orijino. Kujaza kwa sindano katriji yako yenye chipu ya HP hakuzuiwi. Itaonyesha wino umeisha, bonyeza OK uendelee.

Na mashine ya mtumba yenye herufi "e" mwishoni mwa jina, mfano DeskJet 4120e, iulizieni kwanza. Ikishasajiliwa kwenye HP+, mpango wa HP wenye masharti, inataka intaneti muda wote na wino wa HP peke yake, na huwezi kuirudisha nyuma.

Printa za matangi, zinazojazwa wino wa chupa, zinaonyesha kwamba wino wa bei nafuu unawezekana. Epson walizianza Indonesia mwaka 2010, baada ya watu kule kuwa wanafunga matangi yao wenyewe pembeni. Pesa ikahamia kwenye bei ya mashine, na wino ukashuka papo hapo: chupa nyeusi ya 003, mililita 65, imepimwa kurasa 4,500. Rimu tisa!

Lakini nako msilale. Kila usafishaji wa kichwa cha kuchapia unamwaga wino kwenye sponji la ndani, na kaunta inayohesabu wino huo ikifika kikomo mashine inagoma hata kama kila kitu kingine ni kizima. Badilisha sponji kwanza, ndipo fundi ariseti kaunta. Akiriseti tu, wino unaweza kuvujia mezani. Ukiweza, nunua modeli yenye sanduku la wino taka unalobadilisha mwenyewe.

Wauzaji mliomo humu, kwenye kila tangazo la printa andikeni namba ya katriji au chupa, bei yake, na kurasa inazotoa. Tangazo lisilo na hayo matatu, mods lifuteni.